Vikundi vya kusaidiana kuacha pombe mjini Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu anayeishi Moshi mjini, au katika vijiji vya mlimani na vya tambarare, ambaye amechoshwa na pombe na amesikia kwamba wapo watu wanaokutana kusaidiana kuiacha. Ni kwa ajili pia ya mke, mume, mzazi au mtoto anayeishi na mtu huyo. Anayeishi Arusha atayatumia vilevile, kwa kuwa miji hii miwili imeachana kwa kilomita 80 hivi na mambo mengi yanafanana.

Nitajuaje kama unywaji wangu umefika pa kuhitaji kikundi?

Mkoani Kilimanjaro swali hili ni gumu, kwa sababu pombe kwetu imo ndani ya heshima yenyewe. Mbege ya ndizi na ulezi hupelekwa kwenye kuposa, kwenye kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwenye msiba, na mtu ambaye pombe imekwisha kumshinda anaweza kujificha kwa miaka mingi ndani ya shughuli ambazo kila mmoja anakunywa. Kwa hiyo kujilinganisha na majirani hakutakupa jibu. Jiangalie wewe mwenyewe: je, unaamka ukitetemeka, na mikono haitulii mpaka uzimue? Je, unatoka nyumbani ukiwa umekusudia chupa mbili, ukajikuta ndiye wa mwisho kutoka baa? Je, watu wanakusimulia uliyoyafanya jana nawe huyakumbuki? Je, ada ya mtoto imewahi kuishia kilabuni, au umeanza kuficha chupa mahali ambapo mwenzako hatazami?

Kipo pia kipimo kiitwacho AUDIT, kilichoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, chenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Kwa kawaida alama 8 au zaidi huonyesha unywaji wenye madhara, na alama 20 au zaidi huashiria kwamba huenda mwili umekwisha kuwa tegemezi. Toleo lake la Kiswahili lilifanyiwa utafiti hapahapa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ili kuhakikisha kwamba maswali yanaeleweka kama tunavyozungumza sisi. Unaweza kumwomba mhudumu wa afya akupime nalo.

Hata hivyo, huhitaji alama yoyote ili uruhusiwe kuingia mkutanoni. Katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo watu wengi huviita AA, sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Hakuna anayekuuliza unakunywa kiasi gani, wala kama ni bia, mbege au gongo.

Je, niache kwanza ndipo nije?

Hapana, na naomba jibu hili lisomwe kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu kosa lake linaweza kuua.

Watu wengi huahirisha mkutano wa kwanza wakisema watakwenda wakishatengemaa, ili wasiwaaibishe wengine. Mkutano umewekwa kwa ajili ya ambaye hajatengemaa. Ukija ukiwa umekunywa, utaombwa tu ukae kwa utulivu, usikilize, na usizungumze kikaoni siku hiyo, hutafukuzwa. Ni bora uje ukinuka pombe kuliko usije.

La pili linahusu mwili. Mtu ambaye amekunywa kila siku kwa miezi au miaka hapaswi kukata pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ubongo uliozoea pombe hushtuka inapoondolewa. Kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza ndani ya saa chache tangu kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu hupatwa na kuweweseka kukubwa, wakaona vitu visivyokuwapo, wakapandwa na homa na kuchanganyikiwa. Hali hiyo ya mwisho huweza kuua isipotibiwa. Vijijini bado wapo wanaoiita kurogwa, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga wakati muda wa hospitali unapita. Ikiwa umewahi kupata degedege ulipojaribu kuacha, au ikiwa asubuhi huwezi kushika kikombe bila kuzimua, anzia hospitali. Huko utapewa dawa za kutuliza mfumo wa fahamu kwa siku chache chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo hupungua sana mwilini mwa mnywaji na ambayo upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Baada ya hapo, au hata ukiwa bado wodini, kikundi kinaweza kukupokea.

Anayekunywa gongo aongeze tahadhari moja zaidi. Pombe iliyochemshwa kienyeji wakati mwingine huwa na sumu ya methanoli. Macho yakianza kuona ukungu saa kadhaa baada ya kunywa, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.

Nitaupata wapi mkutano?

Sitataja hapa jumba, siku wala saa, kwa sababu vikundi huhama. Kikundi kinachokutana leo kwenye chumba cha parokia kinaweza kuwa kimehamia kwingine baada ya miezi mitatu, na mtu aliyejikaza wiki nzima kisha akakuta mlango umefungwa huwa ni vigumu kujikaza tena. Ndiyo maana hatua ya kwanza iwe kupiga simu au kuandika ujumbe, kuthibitisha kwamba wiki hii wanakutana, na ikiwezekana kumpata mwanakikundi mmoja atakayekusubiri nje. Nasisitiza hilo la kusubiriwa. Mlango ni mzito kuufungua ukiwa peke yako, lakini ukiwa na mtu anayejua unachopitia mnaingia kama wageni wowote wanaoingia ukumbini.

Njia za kupata taarifa ni kadhaa. Tovuti rasmi ya AA duniani ina orodha ya nchi na mawasiliano yake, na ipo programu ya simu iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano iliyosajiliwa. Kwa wanaopenda kumwuliza mtu, nenda kwenye huduma za afya ya akili za hospitali za KCMC au Mawenzi, au hospitali ya Mount Meru kwa walio Arusha, ukaulize kama wana kikundi au wanakifahamu. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya au wa hospitali naye hupokea watu wa namna hii mara kwa mara, na mazungumzo naye ni siri ya kazi yake. Wapo pia mapadre, wachungaji na masheikh ambao bila kutangaza wamekwisha kuwaelekeza waumini wao kwenye vikundi. Chagua yule unayejua kwamba hawezi kuligeuza jambo lako kuwa mfano wa mahubiri.

KCMC, katika idara ya dharura, kumefanyika pia mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambamo muuguzi aliyefunzwa huzungumza kwa muda mfupi na mgonjwa aliyefika na jeraha huku akiwa mnywaji, bila kumhukumu. Nautaja kwa sababu watu wengi hawajui kwamba siku ya ajali ya bodaboda inaweza kuwa siku ya kuanza kuliongea jambo hili na mtu mwenye ujuzi. Ukiulizwa na muuguzi kuhusu pombe, mjibu kweli. Hakuulizi ili akushitaki.

Na kama hakuna kikundi karibu, au zamu zako haziruhusu, ipo mikutano ya mtandaoni kila saa ya mchana na usiku, mingi ikiendeshwa kwa Zoom. Wengi hukosea saa. Mikutano ya Nairobi inafuata saa zetu hizihizi, ila hakikisha kama wameandika kwa hesabu ya Kizungu: 19:00 ni saa moja jioni. Mikutano ya London iko nyuma yetu kwa saa tatu katika miezi ya baridi yao na saa mbili katika kiangazi chao, kwa hiyo mkutano wa 19:00 wa huko utauingia saa nne usiku mwezi Januari na saa tatu usiku mwezi Julai. Ukiingia unaweza kuzima kamera na kuandika jina lolote. Bando si kubwa ukisikiliza bila picha. Maoni yangu ni kwamba mkutano wa mtandaoni ni daraja zuri, na kwa watu wa Rombo au Siha huenda likawa ndilo daraja pekee, lakini ukiweza kukaa chumba kimoja na watu hata mara moja kwa mwezi, fanya hivyo.

AA ni nini hasa? Ni dhehebu?

AA si dhehebu, si chama cha siasa na si shirika la misaada. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, pale mfanyabiashara wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili wakiwa wameshindwa na pombe, walipogundua kwamba kila mmoja aliweza kukaa bila kunywa alipokuwa akizungumza na mwenzake aliyeshindwa vilevile. Ugunduzi huo ndio kiini cha jambo lote hadi leo: mlevi humsikiliza mlevi kwa namna ambayo hamsikilizi daktari, mke wala mchungaji. Baadaye waliandika hatua 12 ambazo mtu huzipitia, kuanzia kukiri kwamba pombe imemshinda, kupitia kujichunguza na kuwatengenezea wale aliowakosea, hadi kumsaidia mwingine.

Hatua hizo humtaja Mungu, lakini kwa namna ambayo kila mtu anamwelewa. Katika mkutano mmoja wa mkoa wetu unaweza kumkuta Mlutheri wa Machame, Mkatoliki wa Kibosho na Mwislamu wa Bondeni, na hakuna anayemvuta mwenzake. Vikao vingi hukutana kwenye majengo ya makanisa kwa sababu ndiyo yenye vyumba vya bei nafuu, na hilo huwatia shaka ndugu zetu Waislamu. Shaka hiyo inaeleweka; chumba kimekodiwa tu, na kanisa halina kauli katika mkutano. Mwislamu anayeona ugumu wa kukiri kwamba amekunywa, kwa kuwa dini yake imekataza, ana mzigo wa ziada wa siri, na kwa sababu hiyo anauhitaji mkutano hata zaidi.

Vipo vikundi vingine visivyo vya AA: vya makanisa, vya hospitali vinavyoongozwa na mshauri nasaha, na vya waliotoka katika nyumba za upataji nafuu, ambako mtu hukaa miezi kadhaa mbali na mazingira ya pombe. Jaribu zaidi ya kimoja. Kutopendezwa na kikundi cha kwanza kusiwe sababu ya kuacha vyote.

Ndani ya mkutano kunafanyika nini?

Kwa kawaida mkutano huchukua saa moja au saa moja na nusu. Viti hupangwa kwa duara au kuzunguka meza, kuna chai au maji, na mwanakikundi mmoja ambaye zamu yake imefika huongoza. Husomwa maneno mafupi ya utangulizi, kisha mtu mmoja husimulia: alikuwaje alipokuwa akinywa, nini kilitokea, na yukoje sasa. Baada yake wengine husema kwa zamu, dakika chache kila mmoja, kila mtu akijitambulisha kwa jina la kwanza tu.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba hakuna anayejibu. Sisi tumezoea vikao: kikao cha harusi, kikao cha ukoo, kikao cha kikoba, ambako mtu akisema neno wengine watano wananyoosha mikono kulipinga au kulirekebisha. Hapa mtu akimaliza anashukuriwa, na anayefuata anasema ya kwake. Hakuna kushauriwa, hakuna kukemewa, hakuna mwenyekiti wa kutoa hukumu. Kwa mtu ambaye ameketishwa mara nyingi mbele ya wazee wa ukoo akasemwa mpaka akainamisha kichwa, kusikilizwa namna hiyo huenda kukawa ndiyo mara ya kwanza tangu pombe imshinde kuzungumza bila kujitetea. Watu hulia, na watu hucheka pia, tena sana, wakijitambua katika simulizi za wenzao.

Mwishoni huombwa sala fupi ya kuomba utulivu, ujasiri na hekima. Usiyetaka kuomba, nyamaza tu.

Je, nitalazimika kuzungumza?

Hapana. Zamu ikifika kwako sema, "Naomba nisikilize tu leo," na itapita kwa jirani yako. Unaweza kusikiliza kwa wiki nyingi.

Moshi ni mji mdogo. Nikionekana je?

Hili ndilo swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi wakiwa wamekwisha kuaga. Mwalimu anaogopa wazazi wa wanafunzi wake. Muuguzi anaogopa wagonjwa. Mzee wa kanisa anaogopa kila mtu. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaki kuipuuza, kwa sababu hapa mtu akionekana akiingia mahali saa kumi na moja jioni, habari inaweza kufika Kiborloni kabla yake.

Yapo mambo matatu ya kulipima. Kwanza, kila aliye ndani yupo kwa sababu ileile iliyokuleta wewe. Ukimkuta jirani yako, naye amekukuta, na siri yake iko mikononi mwako kama yako ilivyo mikononi mwake. Pili, kutotajana ni msingi wa vikundi hivi: jina la ukoo halisemwi, mahudhurio hayaandikwi, na simulizi iliyosikika ndani haitoki nje, hata kwa mke wa mtu. Siwezi kuahidi kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuteleza, lakini anayeteleza huonywa, na wanakikundi hulilinda jambo hili kwa ukali kwa kuwa kila mmoja analihitaji.

Tatu, na hili hulisema kwa upole: mara nyingi tunachoogopa kuonyesha kimekwisha kuonekana. Majirani waliokushika mkono kukuvusha mtaro usiku, konda aliyekushusha kwenye daladala, mtoto aliyekuvua viatu, wote wanajua. Ambacho bado hawajakiona ni wewe ukitafuta msaada.

Ikiwa bado hofu ni kubwa, fanya kama wafanyavyo wengi: mtu wa Moshi huanzia Arusha, na wa Arusha huanzia Moshi, au wote huanzia mtandaoni, hadi siku watakapoona kwamba wanaweza kuingia kikundi cha karibu. Nauli ni mzigo, lakini kwa mwezi mmoja au miwili mtu aliyekuwa akitumia fedha baa kila siku huimudu.

Mkutano wazi na mkutano wa faragha vinatofautianaje?

Mkutano wazi huruhusu mtu yeyote kuhudhuria na kusikiliza: ndugu, mwanafunzi wa uuguzi, mchungaji. Wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Ukitaka kusindikizwa na mke au mume wako mara ya kwanza, uliza lini kuna mkutano wazi.

Ni kiasi gani cha kulipa?

Hakuna ada ya kujiunga. Katika AA kofia au kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na majani ya chai, na asiye nacho hapungukiwi haki yoyote. AA hawapokei michango kutoka nje ya wanachama wake. Kwa hiyo mtu akikutaka ulipe fedha ya kujiandikisha ili "uingizwe AA," huyo si AA.

Mimi ni mwanamke. Je, kuna nafasi yangu?

Ipo, na naomba usikatishwe tamaa ukikuta wanaume ndio wengi. Mwanaume mlevi hapa kwetu huonewa huruma au huchekwa, lakini mwanamke mlevi hutukanwa, na kwa hiyo wanawake hunywea chumbani, jikoni au kwa shoga, na hufika kwenye msaada wakiwa wamechelewa kuliko wanaume. Uliza kama kuna mkutano wa wanawake peke yao. Mtandaoni ipo mingi. Na hata katika kikundi cha mchanganyiko, mwanamke anashauriwa kutafuta mwanamke mwenzake wa kumtegemea, si mwanaume, kwa usalama wake.

Kuna swali gumu zaidi ambalo wanawake wa mkoa huu huwa nalo: pombe ndiyo biashara yao. Mama anayepika mbege anasomesha watoto kwa mbege hiyo, na hawezi kuipika bila kuionja. Sidhani ni haki kumwambia tu aache. Waliofanikiwa walianza kwa kumpa dada au binti mkubwa kazi ya kuonja na kuuza huku wao wakibaki na kununua ndizi na ulezi, kisha taratibu, kwa mkopo wa kikoba, wakahamia kwenye biashara nyingine. Lisemeni kikundini jambo hili. Si la mtu mmoja.

Mwanamke mjamzito aanzie kliniki mapema iwezekanavyo, kwa kuwa pombe humfikia mtoto tumboni, na kuacha kwake kusimamiwe na wahudumu wa afya.

Mume wangu, au kijana wangu, hataki kwenda. Nifanyeje?

Huwezi kuacha pombe kwa niaba yake. Unaweza kuacha kumlipia madeni ya kilabuni, kumpigia simu mwajiri wake ukisema anaumwa malaria, na kuwaambia watoto kwamba baba amechoka. Kufanya hivyo kunauma, na mama mkwe anaweza kukuona una roho mbaya, lakini kila pengo unalolifukia ni sababu moja kwake ya kutoona kilichotokea. Zungumza naye asubuhi akiwa na akili zake, si usiku, na umweleze uliloliona badala ya kumwita jina baya.

Nawe utafute watu wako. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni vikundi vya ndugu na marafiki wa wenye tatizo la pombe, na mikutano yake ya mtandaoni inapatikana. Unakwenda kwa ajili yako, awe anakunywa au ameacha. Kukiwa na kipigo nyumbani, usalama wako na wa watoto hutangulia kila kitu: nenda dawati la jinsia na watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii.

Mlezi ni nani, na nampataje?

Ni mwanakikundi aliyekaa muda mrefu bila kunywa, ambaye anakubali kukupitisha katika hatua na kupokea simu yako unapobanwa na kiu. Halipwi. Sikiliza mikutano kadhaa, mtambue yule ambaye maisha yake ya sasa ungeyataka, kisha mwombe. Akikataa kwa kuwa ana wengine, mwombe mwingine. Asikukopeshe fedha wala usimkopeshe, maana deni limevunja ulezi mwingi.

Dawa za hospitali na nyumba za upataji nafuu zinapingana na kikundi?

Hazipingani. Zipo dawa zinazopunguza hamu ya pombe, kama naltrexone na acamprosate, na ipo disulfiram inayomfanya mtu augue vibaya akinywa; zote ni za kuandikiwa na daktari, na hiyo ya mwisho isitiwe kamwe kwenye chakula cha mtu bila yeye kujua. Wapo wanaofanya hivyo kwa mapenzi mema, na wanahatarisha maisha. Mwanakikundi akikwambia uache dawa za sonona au kifafa kwa kuwa "nazo ni kilevi," usimsikilize. Hana mamlaka hayo.

Nyumba ya upataji nafuu humwondoa mtu katika mazingira kwa miezi kadhaa. Kabla ya kumpeleka ndugu yako, uliza kama nyumba imesajiliwa, nani anasimamia matibabu ya siku za kwanza, na kama ndugu wanaruhusiwa kumtembelea. Nyumba inayofunga watu minyororo au kuwachapa si ya matibabu. Na siku atakayotoka ndiyo siku anayouhitaji mkutano kuliko zote, kwa sababu anarudi mtaa uleule.

Je, kweli vinasaidia?

Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba programu za kitaalamu zinazomwelekeza mtu AA ziliwafanya wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo: baada ya mwaka mmoja ilikuwa takriban asilimia 42 dhidi ya asilimia 35. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba kila anayekwenda anapona. Inamaanisha kwamba jambo lisilo na ada linafanya kazi sawa na yale ya gharama, na wakati mwingine kuyazidi. Tafiti hizo zilifanyika zaidi nchi za nje, lakini nilichokiona hapa hakipingani nazo: wanaodumu ni wanaorudi mkutanoni, hasa wiki ambazo hawakutaka kurudi.

Nikirudi kunywa?

Rudi mkutanoni siku hiyohiyo au kesho yake. Hutaulizwa kwa nini. Kinachoua si kuanguka. Ni wiki tatu za kujificha baada ya kuanguka, kwa sababu ya aibu. Kama umekunywa mfululizo kwa siku nyingi, kumbuka yale ya kutokata ghafla.

Nitafanyaje kwenye msiba, harusi na Desemba?

Wiki za mwisho wa mwaka ndizo ngumu kuliko zote mlimani. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, mbuzi wanachinjwa, na kata ya mbege inazunguka kuanzia saa nne asubuhi. Wengi waliokaa vizuri tangu Machi huanguka hapo. Panga mapema. Mtafute mtu mmoja wa ukoo, iwe shangazi au baba mdogo, umweleze kabla ya siku yenyewe, ili awe upande wako wazee watakapouliza. Ukifika shika soda mkononi mara moja, maana mkono mtupu hujazwa. Uwe na nauli yako ya kuondokea, usitegemee gari la mtu atakayekunywa hadi usiku. Ondoka mapema; chakula kikishaliwa na picha zikishapigwa, kinachobaki ni pombe.

Ukiulizwa kwa nini hunywi, "Sinywi" linatosha. Ukiongeza maelezo, unafungua mjadala. Mzee akikupa kata, mshukuru kwa heshima zote, mwambie daktari amekukataza, kisha umwulize habari za shamba. Wengine hujitetea kwa togwa, lakini togwa iliyolala inaendelea kuchachuka, mimi ningeiacha.

Msiba ni mgumu kwa namna nyingine, kwa sababu huwezi kutohudhuria na moyo una majonzi. Mpigie mlezi wako kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na uombe kazi ya kufanya pale msibani: kupokea wageni, kuandika rambirambi, kupanga viti.

Kijijini kwetu hakuna kikundi. Tunaweza kuanzisha?

Mnaweza, na hamhitaji kibali cha AA. Watu wawili wanaotaka kuacha kunywa, wakikutana kwa ajili hiyo, wanatosha kuwa kikundi. Chagueni mahali palipotulia ambapo hapauzwi pombe karibu: darasa la shule baada ya masomo, chumba cha zahanati, ofisi ya parokia. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji kwamba kuna watu wanakutana kwa ajili ya afya, bila kumpa majina. Wekeni siku moja na saa moja, na msiibadilishe hata siku ambayo amefika mmoja tu, kwa kuwa mgeni wa kwanza atakuja siku ambayo hamkumtarajia. Ombeni kikundi cha mjini kiwatumie mtu mwenye uzoefu kwa mikutano ya mwanzo. Epukeni kuanza na katiba, akaunti ya benki na viongozi watano. Kwanza kutaneni, sikilizaneni, na mwisho wa kila mkutano mkubaliane nani atakuwa na ufunguo wiki ijayo.